Sakafu Isiyo Baridi

Chwap. Kimya kidogo, halafu tena, chwap.

Teodora aliijua sauti ile gizani bila kufumbua macho. Ilikuwa kona ya zulia la plastiki pale karibu na mlango. Tangu mvua za vuli zianze, unyevu wa sementi ulikuwa umeibandua, na kila ilipokanyagwa ilinyanyuka na kujibamiza tena chini. Alikuwa ameshaigandisha kwa selotepu mara tatu. Sasa Favour alikuwa ameamka kutafuta kopo lake la kukojolea.

“Mama, chini baridi.”

“Vaa ndala, mwanangu.”

“Sizioni.”

“Basi fanya upesi urudi kitandani.”

Mtoto alirudi mbio, akajikunyata, na nyayo mbili za barafu zikatua juu ya tumbo la mama yake. Teodora alizifumbata kwa viganja mpaka zikapata joto. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Miaka mitano sasa alikuwa akiuza sakafu za kila namna katika duka la mzee Ndalahwa, Mkuyuni, na chumba chake mwenyewe cha kupanga, huku Mabatini, kilikuwa sementi tupu iliyofunikwa plastiki.

Usingizi haukurudi. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kwenda kufungua plastiki za kupimia unyevu alizozibandika kwenye kiwanda cha zamani. Siku ya kumwona Okal, na baada ya hapo, Mungu akipenda, asimwone tena.

*

Okal alikuwa ameingia dukani Jumanne, saa nne asubuhi, bila habari kwamba Teodora yumo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, karibu,” mzee Ndalahwa alijibu kutoka kwenye kiti chake. “Cha kulalia kipo, cha kukanyagia kipo. Cha kumfurahisha mama mkwe ndicho tunaagiza.”

Mgeni akacheka. Teodora alikuwa nyuma ya mabunda ya mazulia, futi kamba ikiwa imening'inia shingoni, akaacha kupima palepale. Kicheko kile kilianzia puani, kama mtu anayejaribu kukizuia, kisha kikafunguka chote. Duniani alikuwa anawajua watu wawili tu wanaocheka hivyo. Mmoja alikuwa Favour.

Alipojitokeza, Okal aliacha mdomo wazi.

“Teo,” alisema. Halafu akajirekebisha haraka, “Dada Teodora. Samahani.”

“Karibu, kaka. Unahitaji nini?”

Walijuana kwenye masomo ya jioni, pale Nyamagana. Teodora alikuwa anarudia kidato cha nne, Okal anasomea uchoraji wa majengo chumba cha pili. Walikuwa wakishiriki taa umeme ulipokatika. Siku moja Okal alimchorea nyumba nyuma ya daftari la Jiografia, akamuuliza anataka nini ndani yake. Teodora hakutaka ghorofa wala geti. “Nataka sakafu isiyo baridi,” alisema, “ambayo mtoto akitambaa, sihangaiki.” Okal aliandika maneno hayo kwenye mchoro kama vile ni kipimo.

Kilichowatenganisha hakikuwa ugomvi. Kina Odongo, ukoo wa Okal, watu wa Rorya, walikuwa Wakristo wa kusali kila Jumapili, lakini kwao mdogo hamtangulii mkubwa kuoa. Na mkubwa alikuwa Ogweno, ambaye alikuwa visiwani anavua, hataki kusikia habari za mke. Okal aliomba mwaka mmoja tu; ukiisha, alisema, atamuoa Teodora hivyohivyo, lolote na liwe. Ndipo mama yake, Selestina, aliposafiri peke yake mpaka Mabatini. Alikataa soda. Alikataa maji. Akateremka kitini, mama mtu mzima yule, akapiga magoti juu ya sementi mbele ya binti wa miaka ishirini na miwili.

“Nimezika watoto wawili, binti yangu,” alisema. “Baba yao mdogo aliruka zamu ya kuoa, na nyumba ikaanza kupukutika. Labda ni imani tu, sijui. Mimi sitaki kujaribu. Niachie mwanangu asubiri zamu yake.”

Mzazi akikupigia magoti, uso utauficha wapi? Teodora alimwinua, akamwahidi. Na kwa sababu alimjua Okal, kwamba mwaka ukiisha hatasubiri tena, alimwandikia kuwa amechoka, kuna mtu ameshaleta posa nyumbani kwao na imepokelewa. Mtu huyo hakuwapo. Okal alikwenda Dar na jeraha hilo. Wiki tatu baadaye Teodora alianza kutapika asubuhi.

Sasa Okal alikuwa amesimama mbele yake, amenenepa kidogo mashavuni, anaeleza habari za jengo. Kampuni yao ya michoro ilikuwa inafungua ofisi Mwanza. Walikuwa wamechukua kiwanda cha zamani cha nyavu, ufukweni.

“Jengo zuri, Te... dada. Dari iko juu, madirisha makubwa yanaangalia ziwa. Ila chini ni zege tupu. Madoa ya oili, na mashimo ya boliti pale mashine ziliposimama.”

Teodora alikimbilia kwenye kazi, kama mtu anavyokimbilia barazani mvua ikimkuta njiani.

“Watakanyaga watu wangapi kwa siku?”

“Thelathini hivi. Na viti vya magurudumu.”

“Basi hii ya vyumbani achana nayo.” Alisukuma kando kipande cha mfano, akachukua kingine, kirefu kama ubao. “Hizi sakafu za vinaili zote usoni zinapendeza. Angalia ngozi ya juu. Ile ni nyembamba kama ya kitunguu, viti vitaimaliza mwaka mmoja. Hii ni nusu milimita. Toa ufunguo uikwaruze.”

“Niikwaruze kweli?”

“Kwa nguvu. Bado si ya kwako.”

Okal alitoa ufunguo, akakwaruza kwa mkono wa kushoto. Teodora aliutazama mkono ule, akaacha kuutazama. Kipande hakikuonyesha hata mstari.

“Na rangi?” mzee Ndalahwa alidakia. “Ninyi Wajaluo hamtaki kitu kisichong'aa. Ila ofisi si suti, kijana. Sakafu ya kung'aa inaonyesha kila mguu uliopita.”

“Na wewe Msukuma ungenisilibia samadi ya ng'ombe, mzee.”

“Na ingedumu kuliko ndoa za mjini.”

Walicheka wote wawili. Okal alikuwa wa kwanza kunyamaza.

“Hellen anataka ya kijivu, yenye sura ya zege,” alisema taratibu. “Mchumba wangu. Tunafunga Desemba.”

“Hongera.”

“Ahsante.” Alipapasa vipande mezani mpaka akafika kwenye kimoja chekundu cha kahawia, chenye mistari ya mninga. “Mimi nilikuwa nataka hii. Nilikuwa nataka isiyo baridi miguuni.”

Nje bodaboda ilipita ikipiga honi.

“Mumeo hajambo?” Okal aliuliza.

“Hajambo.”

Mzee Ndalahwa, aliyekaa na Teodora miaka mitano bila kuona hata kivuli cha mume, alikohoa, akaanza kuitafuta miwani iliyokuwa kwenye paji la uso wake.

*

Jumatano Teodora alikwenda kupima. Alisafisha zege sehemu tatu, akatandaza vipande vya plastiki angavu, akavibana kwa selotepu pande zote nne pasipite hata pumzi. Ndivyo alivyofundishwa: zege lina tabia ya kunywa maji na kunyamaza. Ukiliangalia kwa macho utasema kavu. Lizibe siku tatu, litatoa lililonalo.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya tatu. Kwa kawaida Favour angebaki kwa jirani, mama Queen, lakini mama Queen alikuwa ameitwa msibani Magu. Teodora alifikiria kupiga simu kuahirisha, akafikiria ahadi ya kazi, mwishowe akamvalisha mtoto gauni la njano.

“Kule tunakokwenda usiongee sana.”

“Nikiulizwa?”

“Ukiulizwa, sema shikamoo.”

Kiwanda kilisimama chini ya mawe makubwa, mgongo wake ukiwa ziwani. Ndani mlisikika maji yakigonga ukuta. Kulabu za chuma zilizotundikiwa nyavu zamani zilikuwa bado zinaning'inia darini. Okal alikuwa peke yake, mikono ya shati imekunjwa, vumbi kwenye nywele. Alimwona mtoto, akachuchumaa.

“Shikamoo,” Favour alisema.

“Marahaba. Unaitwa nani?”

“Shikamoo.”

“Jina zuri sana.”

Favour alijaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani, kisha kikafunguka chote. Teodora aligeukia dirishani. Alipogeuka tena, Okal alikuwa bado anamwangalia mtoto, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesikia wimbo ukipigwa nyumba ya tatu.

“Ana miaka mingapi?”

“Minne.” Haukuwa uongo, ila miezi kadhaa ilikuwa imepunguzwa. “Favour, chukua chaki, ukachore pale penye mwanga.”

Mtoto alipiga magoti, akachora mraba, akaweka paa. Chaki ilikuwa mkono wa kushoto.

“Mshoto,” Okal alisema.

“Wapo wengi.”

“Kwetu ni mimi na marehemu babu tu.”

“Duniani wapo wengi, Okal. Njoo tufungue plastiki.”

Ya kwanza, karibu na mlango, ilikuwa kavu. Ya pili, katikati, kavu. Ya tatu ilikuwa chini ya ukuta wa upande wa ziwa, na kabla hajaigusa Teodora aliona ukungu wake. Alibandua kona moja. Matone yalikuwa yamejipanga upande wa ndani, na zege chini yake lilikuwa limekuwa jeusi.

“Kidogo tu hicho,” Okal alisema.

“Maji hayana kidogo.”

“Ufunguzi ni Jumamosi ijayo. Wageni wanatoka Dar. Tufunike, Teo. Nani ataona?”

“Hakuna atakayeona. Itapendeza mpaka watu wapige picha. Halafu masika ikija maji yatapanda, gundi itaoza, vipande vitaanza kuinuka kimoja kimoja. Watasema vinaili mbaya. Wakati vinaili haina kosa lolote.”

“Dawa yake?”

“Kuzibua mfereji wa nje. Kukausha wiki tatu, kupaka dawa ya kuzuia maji, kusawazisha upya. Halafu maboksi yenyewe yalale humu siku mbili yazoee chumba. Inabidi usubiri.”

“Nisubiri.” Okal alisimama. Sauti ilikuwa ya chini, lakini kulikuwa na kitu kimekatika ndani yake. “Wewe ndiye unaniambia nisubiri. Mimi nilikuomba hichohicho.”

“Okal, mtoto yupo.”

“Sipigi kelele. Nauliza tu. Nilikuambia nipe mwaka mmoja. Kabla hata mwezi haujaisha, ukaniandikia umepata mtu.”

“Mwaka ule haukuwa wako kuutoa. Ulikuwa wa Ogweno.”

“Ogweno ameoa.”

Teodora alishika nguzo.

“Lini?”

“Mwezi wa sita. Msichana wa hukohuko visiwani, mcheshi, mfupi, anampelekesha kama ndama. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Watu wakacheza, mimi nikatoka nje nikakaa kwenye kinu. Nikajisemea, haya, mlango umefunguliwa, na aliyekuwa amesimama nje ameshaingia kwa watu wengine.”

Mwezi wa sita. Mwezi wa sita Favour alikuwa na malaria, na Teodora alimpakata siku tatu akimkanda kwa kitambaa, akiongea peke yake na mtu aliyekuwa Dar. Na wakati huohuo kule Rorya mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na wa kumwambia. Nani angemwambia mke wa mtu? Uongo aliouweka kumlinda Okal ndio uliosimama kizingitini ukamzuia yeye mwenyewe.

Maneno yalimpanda mpaka kooni. Yalikuwa machache tu. Angeweza kuyasema kabla wimbi halijagonga ukuta mara mbili.

“Ng'ombe wamefika kwao Hellen?” aliuliza badala yake.

“Mwezi uliopita. Mama yake na mama yangu wanaitana dada.”

“Anakupenda?”

“Ananipenda.” Okal alijipangusa vumbi usoni, akalizidisha. “Ni mtu mzuri, Teo. Hiyo ndiyo shida. Angekuwa mbaya ningepata pa kushika.”

Kule penye mwanga Favour alikuwa anaiongezea nyumba yake madirisha, akiimba kwa sauti ya chini.

“Niambie kitu kimoja,” Okal alisema. “Sitakusumbua tena. Una furaha kwa mumeo? Ukisema ndiyo, Desemba nitaingia kanisani nimenyooka, na nitamtendea Hellen kama mtu anavyostahili kutendewa. Ukisema hapana...” Hakumalizia.

Teodora aliitazama mikono yake, gundi iliyokauka kwenye kucha. Alimwona mama Selestina amepiga magoti. Alimwona Hellen, ambaye hakuwahi kumwona, akipima gauni, mama yake akiwa na pini mdomoni. Alijua uchungu wa kungoja mtu asiyekuja unafananaje asubuhi. Hakuweza kumpelekea mwanamke mwingine uchungu ule, tena umefungwa kwa mikono yake mwenyewe.

“Ndiyo,” alisema. “Nina furaha.”

Okal aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

“Basi. Tusubiri hizo wiki tatu, nitawaambia wa Dar. Umesema kweli, tusifunike maji.” Aliokota vile vipande viwili vya mfano vilivyokuwa juu ya ndoo, cha kijivu na cha mninga, akavipima mkononi kama mtu anayepima samaki. Kisha akampa kile cha kijivu. “Agiza hii. Anayoitaka Hellen.”

“Kijivu.”

“Kijivu.”

Teodora aliandika kwenye daftari lake: sura ya zege, ngozi nusu milimita, ya gundi. Mwandiko ulitoka mzuri kabisa, wa darasani. Alijishangaa jinsi mkono unavyoweza kuandika vizuri wakati mwenyewe anazama.

*

Okal aliwasindikiza mpaka getini, ambako bajaji ilikuwa inawangoja. Walitembea Favour akiwa katikati, akiruka madimbwi, mikono yake yote miwili ikiwa na vumbi la chaki. Mtu akiwaona kwa mbali angesema ni familia inatoka kanisani.

“Mzee Ndalahwa atakupigia mzigo ukifika,” Teodora alisema. “Mimi labda sitakuja kwenye kutandika. Kuna fundi, Nkwabi, anajua kazi.”

“Sawa.”

“Mwambie aanzie upande wa madirisha.”

“Nitamwambia.”

Hapakubaki kingine cha sakafu cha kuzungumza. Teodora aliinama haraka ndani ya bajaji, akajifanya anafuta kiti kwa khanga, maana macho yalikuwa yamefika mwisho wa kuvumilia. Alifuta mahali pamoja, akarudia kufuta palepale. Nyuma yake alisikia goti la Okal likigusa changarawe.

“Shika hiki, mama mdogo,” Okal alikuwa anasema. Alikuwa bado na kile kipande cha mninga. “Kakiweke chini pale unapoamkia. Kanyaga na mguu uone.”

Mtoto alikuwa amevua kandambili.

“Hakina baridi,” Favour alisema kwa mshangao.

“Ndiyo. Hakina baridi. Haya, panda, mama anakungoja.” Okal alisimama, akapangusa goti. “Msalimie baba nyumbani.”

Favour alikumbuka alivyoagizwa. Lakini shikamoo alikuwa ameshaitoa, tena mara mbili, na hili halikuwa swali. Alikikumbatia kipande chake kifuani, akamtazama Okal usoni kwa macho makavu ya mtoto anayemsaidia mtu mzima aliyekosea.

“Nyumbani kwetu hatuna baba.”